Mashine ya Kufulia ya Bibi na Redio ya Babu

Poleni na misukosuko ya semista, najua wengi wenu mna asainmenti tatu za kukabidhi Jumatatu na hata moja hamjaigusa. Mimi pia. Ndiyo maana nimekaa hapa naandika.

Leo nataka kuzungumzia kufulia. Hapana, sio kule kufulia mnakokujua, bumu likichelewa mtu anaanza kunywa chai ya rangi asubuhi, mchana na jioni. Huko wote tupo, hakuna jipya. Nazungumzia kufulia kwenyewe. Nguo, sabuni, maji na povu.

Jumamosi kama hii hapa hosteli mnajua inavyokuwa. Foleni ya ndoo bombani, mtu anafua jinsi yake kwa kuikanyaga na miguu, mwingine ameloweka tangu Alhamisi na sasa hata mbuzi hawezi kupita karibu. Nakiri kwenu leo: mimi kabla ya kuja chuo sikuwahi kufua jinsi. Nilikuwa na dada zangu. Mwaka wa kwanza nilipofua ya kwanza kwa mikono yangu nilichubuka vidole viwili, na nilipoimaliza nikakaa chini kama mtu aliyelima heka. Hapa Dodoma angalau jua lipo, unaanika, unamaliza kusugua soksi, jinsi imeshakauka. Kwetu Lushoto mwezi wa saba ni habari nyingine kabisa.

Kwa wasiopajua, kwetu unashuka Mombo, unapanda kona kama kilomita 33, unapita Soni kwenye maporomoko, masikio yanaziba, baridi inaanza kukupiga, ndo umefika. Zamani Wajerumani walipaita Wilhelmstal. Kuna kabichi, karoti, viazi, mapeasi, na kuna ukungu. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unakaa bondeni mpaka saa nne au saa tano, siku nyingine hautoki kabisa. Ukifua shati la shule Jumapili jioni, Jumatatu bado linadondosha maji. Kaushio letu ni moto wa jikoni, kwa hiyo nusu ya wanafunzi wa kwetu wananukia moshi. Shikeni hilo la ukungu, nitalirudia.

Mwaka jana nilipata bahati ya kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha nyumbani, wiki nane. Nikawa nalala kwa Bibi, mama yake baba. Siku ya kwanza tu nimefika, shikamoo Bibi, marahaba mume wangu (ndivyo anavyotuita wajukuu wa kiume, msishangae), akanituma stoo nikachote maharage.

Maharage ya Bibi tangu nikiwa mdogo yanakaa kwenye dude moja jeupe la chuma, lina mfuniko, lina miguu, ubavuni limeshika kutu. Sisi wajukuu tulikuwa tunaliita "friji." Siku hiyo nachota maharage, kikombe kikagonga kitu ndani. Nikapapasa. Kuna sahani ya duara ubavuni mwa beseni, ina mapezi kama feni. Nikafukua zaidi, chini ya maharage nikakuta rola mbili za mpira zimekunjwa pamoja na mpini wake. Nyuma kuna kibao kidogo, nikakifuta kwa mate na kidole: Hoover, imetengenezwa Uingereza.

Nikamwita Bibi. "Bibi, hii si friji?"

Akacheka mpaka akashika mlango. "Nani alikwambia friji? Hiyo ni mashine ya kufulia."

Basi bwana, hadithi ikaanza. Bibi alipokuwa msichana, kabla hajaolewa na hata baada ya kuolewa, alifanya kazi kwa familia moja ya walowezi waliokuwa na shamba huko juu. Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi. Mwanzoni alifua kwa mikono, baadaye wakaleta hiyo mashine, wakawa wanaiendesha kwa jenereta ya shamba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakauza wakaondoka. Walikuwa wanadaiwa mishahara yake ya miezi miwili. Hawakuwa na hela, au walisema hawana. Wakampa mashine.

Watu wanne wakaibeba kwa miti mpaka nyumbani. Nyumbani hakuna umeme. Ikaingia stoo. Umeme wa REA umekuja kufika kijijini kwetu mwaka 2014. Maana yake ile mashine imekaa miaka zaidi ya arobaini inasubiri waya, na baada ya waya kufika bado ikaendelea kutunza maharage. Hakuna mtu hata mmoja aliyejiuliza kama inafanya kazi. Hata mimi msomi.

Sasa wiki ya pili Ba'mdogo akaja na habari kwamba amempata mnunuzi wa chuma chakavu, yule anayepita na pikipiki na mzani, na ameshapatana naye: "friji" inaondoka kwa shilingi 20,000. Si mbaya, alisema, ni hela ya mbolea. Bibi hakubisha. Aliendelea kumenya viazi. Baadaye, Ba'mdogo amekwenda kuchunga, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Huo ni mshahara wangu wa miezi miwili. Sijaula mpaka leo."

Wadau, hapo nikakaa.

Lakini nisijifanye shujaa, sikuamka siku ile ile. Kilichoniamsha kilitokea shuleni, na ni kitu ambacho sijivunii.

Nilikuwa nasaidiana na mwalimu wa zamu paredi ya Jumatatu. Mnajua mtu ukipewa madaraka kidogo unavyokuwa, tai shingoni, rejesta mkononi. Akapita binti wa kidato cha pili, juu sweta la shule, chini amejifunga kitenge. Nikamuuliza sketi iko wapi. Akasema, "Mwalimu, haijakauka." Nikaona ni ujeuri. Nikamrudisha nyumbani akavae sare, mbele ya wenzake, na nikaongeza na maneno ya kuhusu usafi na malezi. Alirudi Jumatano. Siku mbili za masomo zimekwenda, pamoja na kipindi changu mwenyewe cha Kiswahili.

Mwalimu wake wa darasa, mama mmoja mtu mzima, akaniita pembeni. Hakunigombeza. Alinieleza tu. Yule binti kwao wako watu wanane. Jumapili ndiyo anashuka mtoni na beseni, anafua nguo za wote. Kwanza za baba, halafu za kaka zake, halafu za wadogo zake, halafu mashuka. Zake za mwisho. Wakati za mwisho zinafika kwenye kamba, jua kama lilikuwepo limeshaondoka. Kwa hiyo za kaka zake zinakauka, yake haikauki. Ana sketi moja.

Yaani mtu aliyewafulia watu wanane ndiye mimi nilimhubiria usafi mbele ya shule nzima.

Jioni ile nilipofika nyumbani nikamwambia Ba'mdogo mashine haiuzwi. Tukabishana kidogo, nikamwachia 20,000 yake kutoka kwenye posho yangu ya mazoezi, yakaisha.

Jumamosi nikapakia dude kwenye pikapu ya jirani anayepeleka kabichi, nikalipeleka Lushoto mjini kwa fundi mmoja anayesuka mota na kutengeneza redio. Mzee wa makamo, miwani imefungwa kwa waya. Alipoliona hakusema kitu, akaenda kunawa mikono kwanza. Nilipenda hilo. Kisha akaniambia: "Mwalimu, hata kama una haraka namna gani, hii usiichomeke kwenye umeme leo."

Hapa nisikilizeni wale mnaopenda vitu vya kale, maana hili linaweza kuokoa maisha. Mashine za miaka ile nyaya zake zilivikwa mpira, na mpira wa miaka sabini unakuwa kama biskuti, ukiukunja unapukutika. Ndani shaba iko uchi. Mashine yenyewe bodi yake ni chuma, na ndani yake kuna maji. Umeme, chuma na maji, na wewe umesimama pekupeku kwenye sakafu mbichi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutoa nyaya zote za zamani, kuweka mpya yenye waya wa ethi, na kupima kwa mita kama kuna umeme unaovuja kwenda kwenye bodi. Na sehemu itakapokaa, weka swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Fundi akisema "ethi si lazima," chukua mashine yako ondoka.

Ndani tulikuta kiota cha panya, mkanda uliooza na beringi mbili zimeganda kwa kutu. Mota yenyewe nzima! Fundi akaniita nione. Hakuna kadi ya umeme, hakuna kompyuta. Kuna mota, mkanda, puli na ile sahani yenye mapezi. Mota inavuta mkanda, mkanda unazungusha sahani, sahani inayapiga maji, maji yanazipitisha nguo huku na huku kwa dakika nne au tano. Basi. Hadithi imeisha. Kila kitu kinafunguka kwa bisibisi na spana mbili, na kila kilichooza kilikuwa na ndugu yake sokoni, maana beringi ni beringi, zinapimwa kwa milimita na sio kwa jina la kiwanda.

Tatizo lilikuwa rola za kukamulia. Mpira wake ulikuwa umepasuka kama visigino vya mkulima. Rola za namna hiyo dukani hakuna. Fundi akanituma kwa seremala, seremala akachukua kipande cha mkulo kilichobaki toka kabati la zamani, akachonga rola mbili kwenye mashine yake, tukazivisha mpira. Mkulo mnaujua, ule mti wetu wa Usambara wenye harufu. Kabla ya rola za mpira kuenea huko kwao walitumia rola za mbao vile vile, kwa hiyo hatukuvumbua kitu, tulirudi tu nyuma hatua moja.

Gharama hizi hapa, maana najua mtauliza. Waya, plagi na swichi 15,000. Beringi mbili 18,000. Mkanda 7,000. Rola 25,000. Ufundi 20,000. Jumla 85,000. Ukiongeza na ile ya Ba'mdogo, nimetumia 105,000 kwa kitu ambacho soko lilisema kina thamani ya 20,000. Rafiki yangu mmoja wa uchumi nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, ndiyo maana nyie wa ualimu mnafulia.

Sawa. Sasa nije kwenye hoja yangu.

Nilipokuwa nasubiri beringi nilisoma sana kuhusu hizi mashine, na nikagundua historia yake haiko mbali na sisi hata kidogo. Pale Ujerumani kampuni ya Miele ilianza mwaka 1899 kwa kutengeneza mashine za kutenganisha krimu kwenye maziwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 wakachukua pipa la kusukia siagi wakaligeuza kuwa mashine ya kufulia. Yaani kibuyu cha kusukia maziwa kikawekwa nguo. Marekani, kule Iowa, kampuni ya Maytag miaka ya 1910 ikaona wakulima wake hawana umeme, ikaweka injini ndogo ya petroli kwenye mashine. Hawakumwambia mke wa mkulima asubiri nguzo. Na hizi Hoover ndogo kama ya Bibi zilianza kutoka kiwanda cha Merthyr Tydfil, Wales, mwaka 1948, kiwanda ambacho kiliacha kutengeneza mashine mwaka 2009. Kiwanda kimezimika, mashine ya Bibi imefufuka.

Kuna watu wanazikusanya. Mmarekani mmoja, Lee Maxwell, mhandisi wa umeme aliyestaafu kufundisha, alikusanya mashine za kufulia zaidi ya 1,000 huko Eaton, Colorado, akazikarabati na kuzifanyia makumbusho. Nilipoona picha nilisisimka, nisiwafiche. Lakini nikajiuliza pia: sisi kweli ni makumbusho tunayohitaji? Kwao mashine ya rola ni kumbukumbu kwa sababu kazi yenyewe ya kufua kwa mikono imekuwa kumbukumbu. Kwetu hata bado. Yule binti yuko mtoni kesho.

Yule profesa wa Uswidi, Hans Rosling, aliyewahi kuwa daktari hapo jirani Msumbiji, mwaka 2010 alitoa mhadhara maarufu kuhusu mashine ya kufulia. Alikadiria kwamba kati ya watu bilioni 7 wa dunia ya wakati huo, ni kama bilioni 2 tu walikuwa na mashine, waliobaki nguo zao zinafuliwa kwa mikono. Akasimulia siku mama yake alipopakia nguo kwenye mashine yao ya kwanza na bibi yake akabonyeza kitufe, na jinsi muda uliopatikana ulivyokwenda maktaba, mama na mtoto wakaanza kusoma vitabu. Rosling alifariki mwaka 2017, ila hoja yake mimi mwanafunzi wa ualimu naiona kama somo zima la semista. Mashine haileti nguo safi tu, nguo safi hata bila mashine zipo. Inaleta saa.

Sasa swali langu kwenu, wadau. Babu yetu, Mungu amrehemu, alikuwa na redio. Redio ile nimeikuta, na naikumbuka. Ikikoroma kidogo tu, inafungwa kwenye kanga inapelekwa Lushoto kwa fundi. Baiskeli yake ikitoa mlio, fundi. Baadaye Ba'mdogo na pikipiki yake, kila mwezi fundi. Hela ilikuwa inapatikana. Hata wakati wa shida, redio ilipelekwa. Ila mashine ya kufulia, kitu pekee pale nyumbani kilichotengenezwa kwa ajili ya kazi ya Bibi, haikuwahi kukanyaga kwa fundi. Kabla ya umeme tunaelewa. Baada ya 2014 je?

Jibu langu ni hili: tunakarabati kile tunachokithamini. Na muda wa mwanamke nyumbani hatuuhesabu kama kitu. Kufua kwa mama "hakuna gharama", basi mashine ya kuokoa kitu kisicho na gharama itengenezwe ya nini? Angalieni hata lugha ya mjini. Kufua kukiwa na malipo, anaitwa dobi, na mara nyingi ni mwanamume, ana kibanda, ana pasi, ana bei yake na hakopeshi. Kufua kukiwa bure, hakuna hata jina la kazi, ni mama tu yuko mtoni. Kazi ni ile ile, sabuni ni ile ile!

Najua mtanipinga, wacha niwajibu kabisa.

Kwanza mtasema umeme ni ghali. Mashine mpya za kujiendesha zinazochemsha maji, umeme mwingi unaishia kwenye kuchemsha hayo maji. Hii ya Bibi haina hita. Inazungusha mota dakika chache, basi. Ukitaka maji ya moto unatoa jikoni.

Pili, maji. Hapa mashine ya kizamani inaishinda mpya kwa mbali. Hizi za kisasa zinataka bomba lenye msukumo, bomba likikauka nayo inagoma. Ya Bibi unamimina kwa ndoo. Na maji yale yale yenye povu unaanza na nyeupe, unakuja za rangi, unamalizia na za shamba. Nakubali, ndoo lazima zibebwe. Mashine haijaleta bomba. Lakini mgongo unaobeba ndoo tu una nafuu kuliko mgongo unaobeba ndoo na kusugua saa nne.

Tatu, "si ungeongezea hela ukanunua mpya?" Kama unayo, nunua! Sina ugomvi. Ila ukinunua uliza kama inafunguka. Ulaya wenyewe wameona tatizo la vitu visivyotengenezeka, wakaweka sheria: tangu Machi 2021 mtengenezaji wa mashine za kufulia anatakiwa vipuri viendelee kupatikana kwa miaka 10 baada ya toleo lake kuacha kuuzwa. Sisi tunaopokea mitumba yao ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuulizia vipuri.

Nne, hili nililisikia kwa masikio yangu kutoka kwa mzee mmoja kijiweni: "Mkiwapa mashine wasichana watakuwa wavivu." Mzee wangu, kwa heshima zote, mbona redio haikutufanya viziwi...

Jumapili ya wiki ya sita tukaiwasha. Bibi kavaa kanga mpya kama anakwenda harusini. Majirani wamejaa uani, watoto juu ya ukuta. Tukajaza ndoo, tukaweka sabuni, mashuka mawili. Nikabonyeza swichi nimevaa viatu vya mpira, roho mkononi. Ikanguruma. Bibi akaweka kiganja juu ya mfuniko, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka dakika tano zikaisha. Kisha akasema, "Sauti ni ile ile."

Halafu akatufundisha, maana hakuna mwingine aliyejua! Namna ya kukunja shuka liingie kwenye rola sawasawa, vifungo vikunjwe ndani visivunjike, mtandio na nywele mbali na rola. Mpini nilimpa binamu yangu wa darasa la sita, wa kiume, akazungusha. Alilalamika mkono unauma. Vizuri sana. Shuka likatoka limebanwa kama karatasi, na hapa ndipo ukungu wetu ulipopata jibu lake: nguo iliyokamuliwa kwa rola ina maji machache mno kuliko ya mikono. Sare za watoto wa nyumbani zilizofuliwa jioni ile zilikuwa zimekauka Jumatatu asubuhi, tena bila moshi.

Bibi alimaliza mapema. Akatoa kigoda nje, akakaa. Nikamuuliza anafanya nini. "Nakula mshahara wangu," akasema.

Nisiwadanganye kwamba mambo yote yamenyooka. Mablanketi mashine haiwezi, yanafuliwa kwa miguu kama zamani. Na mashine ya Bibi haimsaidii yule binti, anakaa upande wa pili wa bonde. Kabla sijamaliza mazoezi nilimwomba radhi, na kwa kuwa nilimwaibisha mbele za watu nilimwomba mbele ya darasa lake. Alitazama chini, akasema "haina shida, Mwalimu," kama wanavyosema wote. Nimejifunza kuuliza kwanza kabla ya kufukuza. Na nimejifunza kwamba kaka zake wanne wana mikono minane, na mikono minane ni mashine ya kufulia tosha kabisa, haihitaji hata ethi.

Kwa hiyo mkienda likizo, ingieni stoo za kwenu. Angalieni kilicholala humo, cherehani, pasi, mashine ya kusagia, kitu chochote. Halafu ulizeni kilikuwa cha kazi ya nani, na kwa nini hakijawahi kupelekwa kwa fundi. Mkipata jibu mniambie, nataka kujua kama ni kwetu tu.

Nawasilisha. Acha nikaanue jinsi yangu kabla haijaota miguu, mnaijua hosteli yetu.